Nilimtumia Evans Uso wa Kucheka

Kambi ya Juu,
upande wa Mogogosiek.

Kwa dada yangu Bosibori,

Nakusalimu. Nakusalimu tena. Natumaini huo mguu imepoa na unafika mtoni bila fimbo. Ng'ombe amezaa ama bado? Kama amezaa dume usiniambie saa hii, nina mambo ya kutosha.

Mimi niko. Mwili ni sawa, isipokuwa mgongo, na mgongo ni ya kazi. Huku mvua inakuja kila mchana kama imeandikwa na kampuni. Majani ya chai ni mengi. Tunaingia shambani na umande, tunatoka mzani ya jioni. Nyumba ni ile ile, chumba moja. Sasa nalala katikati ya kitanda na siipendi.

Barua yako nilipata. Karani alinipea hapo kwa mzani mbele ya watu. Nikaificha ndani ya aproni ya plastiki, nikamaliza safu yangu, nikasoma nimekaa juu ya kikapu. Haukunisalimu. Wewe ndiye ulinifundisha barua inaanza na salamu. Hii yako imeanza, "Onchari, ulimwambia mtoto nini?"

Nikajua imefika.

Umesema Evans amekuandikia kutoka Amerika. Amesema mama yake alikuwa anakufa na mimi nacheka. Umesema tena baba mkubwa Nyariki ameita ukoo wakutane wimbi ikishavunwa. Anataka ile shamba ya Evans ya chini, karibu na mto, apewe Mose. Ati Mose ndiye alimwaga udongo ya kwanza kwa kaburi, na mtoto wa marehemu hakuonekana. Umeuliza mimi nasema nini.

Nitakuambia yote. Mimi si mtu wa maneno, unajua. Hii barua imenichukua Jumapili mingi. Soma ukiwa umekaa.

Evans alipoenda kusoma huko, barua za stampu zilikuwa zinachelewa mpaka habari inaoza njiani. Mwaka jana akaniambia, baba, tafuta mtu ako na kompyuta. Litein kuna mama mmoja Mkipsigis, Mama Chepkoech, ako na duka ya kupiga chapa na fotokopi. Ameleta kompyuta ameifunga kwa waya ya simu. Unamwambia maneno, anapiga, inaenda Amerika hapo hapo. Jibu ikikuja anaitoa kwa karatasi, unaichukua siku ya soko. Wanaita imeili.

Ya kwanza nilimwambia aandike hivi. "Evans. Tuko. Mama yako yuko. Soma. Wacha mambo ya picha."

Alikuwa ametutumia picha amesimama kwa barafu na koti kubwa kama ya askari wa usiku. Tulifurahi. Mama Evans aliiweka kwa ukuta. Mimi kusema wacha mambo ya picha ni furaha hiyo. Ungekuwa hapo ungesikia sauti ungejua.

Evans alikaa, akakaa. Halafu akajibu, "Baba, nimekukosea nini?"

Mama Evans alisoma hiyo karatasi akaniangalia.

"Umempiga mtoto," akasema.

"Nimempigia wapi? Yuko Amerika."

"Umempiga na karatasi. Akiwa hapa unamwambia soma na mkono yako iko kwa kichwa yake. Sasa hapo mkono iko wapi?"

Nilienda nje nikapasua kuni ambayo ilikuwa imepasuliwa.

Karatasi ingine ya Evans ikakuja na takataka mwisho wa maneno. Nukta na kistari. Nikamwambia Mama Chepkoech, "Hii mashine yako inatema mate."

"Si mate, mzee. Ni uso."

"Uso ya nani?"

"Ya kijana yako. Anakucheka. Lalisha kichwa hapa, upande ya kushoto."

Nitakuchorea ndio uelewe. Ni hivi :-) Ukiiangalia ikiwa wima si kitu. Lalisha kichwa. Nukta mbili ni macho, kistari ni pua, hiyo mabano ni mdomo. Nililalisha kichwa hapo dukani, watu wamesimama kwa laini ya fotokopi. Nikaona. Dada, niliona mtoto wangu amecheka. Langat, jirani yangu wa kambi, tulikuwa tumeenda na yeye, akaangalia pia akasema, "Hata kucheka ya wazungu imechoka, imelala chini." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo huku shambani nikipita wanalalisha shingo. "Mzee Onchari, leo ni uso gani?" Hata nyapara.

Evans alikuwa ameandika, "Baba, maneno yako ni mafupi sana na huku sioni uso yako. Ukimaliza weka hii, nitajua hujakasirika." Nikakubali. Kila mara nikimaliza namwambia Mama Chepkoech, weka ile. Kuna ingine mdomo imepinduka chini, hiyo ni ya huzuni. Kuna ingine macho moja imefungwa, hiyo mtu anakufinyia, ni utani. Mimi hizo sikutaka. Nilichukua ya kucheka peke yake. Ya kulia baba anamtumia mtoto wake ya nini? Unajua kwetu. Baba halii mbele ya kijana yake. Sasa nilie na nukta?

Mama Evans aliipenda sana hiyo mambo. Akiwa anachuna anainua sauti safu zote zisikie, "Mimi nimeolewa na huyu mtu tangu usichana, meno yake sijawahi kuona. Sasa mtoto ako ng'ambo ya bahari ndiye anaonyeshwa." Wanawake wanakufa na kicheko. Jioni anachukua karatasi ya Evans, analalisha kichwa juu ya jiko, anaangalia tu. Uji inamwagika.

Sasa nafika hapo.

Ulimuona Mama Evans Krismasi ile. Alikuwa amekonda, ulimwambia. Alisema ni kazi. Mvua ya masika ilipoanza akaanza kukohoa, halafu kifua ikaanza kumbana. Asubuhi moja kikapu ilimshinda kuinua na hakukuwa na kitu ndani. Wakampeleka hospitali huko Kericho, wakamlaza. Daktari akaniambia moyo ni mkubwa, umechoka. Alisema wataangalia. Hakunidanganya. Alisema wataangalia.

Nikirudi kazini nikashuka Litein kumwambia Evans. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilikosea, na wewe utaelewa kuliko Evans.

Unakumbuka baba yetu alipokufa. Mimi nilikuwa huku. Mlinitumia mtu. Alifika kwa mzani akasema, "Baba ni mgonjwa, kuja nyumbani." Nilienda nikifikiria nitampata na kikombe mkononi. Kufika kwa mlango ya boma nikapata watu wamekaa nje na viti za kanisa. Hivyo ndivyo tunafanya. Hatumwambii mtu aliye mbali ati mtu wako amekufa. Tunasema mgonjwa. Tunasema kuja. Evans anajua. Akiwa shule ya bweni mwalimu alimwambia nyanya yako ni mgonjwa kidogo, na akaanza kulia hapo ofisini, na kweli nyanya alikuwa ameenda.

Sasa mimi nimesimama kwa Mama Chepkoech. Nataka kusema mama yako amelazwa. Nikajua nikisema hivyo tu, huko Amerika atasoma amekufa. Ataanguka peke yake kwa chumba ya wazungu, na mama yake yuko hai anakunywa maziwa. Nikafikiria. Nikapata akili yangu.

Nikasema, "Andika. Evans. Mama yako ni mgonjwa. Amelazwa. Usiwe na wasiwasi. Halafu weka ile."

Mama Chepkoech akaacha mashine. Akageuka na kiti.

"Ile ya kucheka?"

"Ile."

"Mzee, mgonjwa na kucheka? Hata mimi nikisoma sitaelewa."

"Weka. Ndio ajue yuko hai."

"Basi tuandike yuko hai."

"Ukiandika yuko hai, si ndio ataona kuna kitu? Nani anaandika mtu yuko hai?"

Akaniangalia. Ni mama mwenye heshima. Akaweka.

Nikatoka hapo nikijiona nimefanya kitu ya maana. Hata nilinunua ndizi.

Evans alijibu haraka. Mama Chepkoech alimpatia Langat ile karatasi akaniletea. Nitakuandikia vile ilisema. "Pole kwake. Mwambie mama aache ujanja, ni majani chai anatoroka. Daktari amwandikie kuchuna mara mbili." Na mwisho ile ya kufinya jicho.

Unaona. Alisoma ile uso yangu akajua ni kitu kidogo. Alijua ni mimi nafanya utani. Mtoto alicheka kwa sababu baba yake alicheka kwanza.

Nilimpelekea mama yake hospitali. Nilimsomea. Alicheka mpaka mwuguzi akakuja kumshika. Akapumua, akapumua. Akaniuliza, "Huyu mtoto umemwambia vizuri?"

Nikasema, "Nimemwambia."

"Umemwambia vizuri, Baba Evans?"

"Nimesema nimemwambia."

Akalalisha kichwa kwa mto upande ya kushoto akaniangalia hivyo. Sijui kama alikuwa ananichekelea ama alikuwa amechoka. Ningeenda Litein hiyo siku. Duka ilikuwa wazi. Nikajisemea akitoka hospitali nitaeleza yote mara moja.

Wiki hiyo haikuisha.

Mambo ya mazishi unajua, ulipika. Lakini kuna kitu hujui. Tulipokuwa tunaleta mwili nyumbani tulipita Litein. Niliketi mbele na dereva. Niliona duka ya Mama Chepkoech, mlango wazi, yeye mwenyewe amesimama nje anapangusa mikono. Ningesema gari isimame kidogo tu. Sikusema. Evans hata angejua siku hiyo hangefika kuzika, Amerika si Sotik. Lakini angejua. Angekuwa amekaa huko mahali yuko, saa ile tunateremsha mama yake. Sikusimamisha gari kwa sababu sikujua niweke uso gani. Hiyo ndiyo ukweli. Mtu mzima, mke yuko nyuma kwa sanduku, nafikiria uso.

Halafu kaburini. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, ulisikia. Baba mkubwa Nyariki akashika koleo akaangalia watu. "Mwenye udongo yuko wapi?" Akaniuliza mimi, "Mtoto aliambiwa?"

Nikasema, "Aliambiwa."

Sikudanganya, dada. Aliambiwa mgonjwa. Lakini nilijua Nyariki ameuliza nini, na nilijua watu wamesikia nini. Akasema, "Basi ameambiwa na amekaa. Wazungu wamemkula. Mose, kuja." Mose akachukua udongo akamwaga. Kijana wa ndugu yangu, hakuwa na makosa. Na mimi nikaangalia viatu yangu. Wewe ulinigusa bega, ulifikiri nalia.

Ningesema wakati huo. Neno moja tu. Lakini ningesema nini mbele ya ukoo na mchungaji? Ati nilitangaza ugonjwa ya mke wangu na alama ya kicheko? Nani kati ya hao wazee anajua nukta mbili ni macho? Wangeona mimi ni mwenda wazimu, ama nilifurahi. Nikaona heri waseme mtoto. Mtoto yuko mbali, hasikii. Hivyo ndivyo nilifanya. Nilimwachia Evans aibu yangu kwa sababu yeye hakuwa hapo kuikataa.

Niliporudi huku nikaenda kwa Mama Chepkoech. Alikuwa amesikia. Alinishika mkono na mikono yake miwili. Nikamwambia andika, "Evans. Mama yako hayuko. Tumemzika nyumbani." Akapiga. Akangoja. Akauliza polepole, "Uso?"

Nikasema hakuna.

Jibu ilikuja siku ya soko ya pili. Mama Chepkoech alisema mashine imekosea, kwa sababu Evans hakuandika kitu. Alirudisha tu maneno yangu. Zile za zamani. Kuna kamshale mbele ya kila mstari, halafu, "Evans. Mama yako ni mgonjwa. Amelazwa. Usiwe na wasiwasi." Na ile uso. Basi. Chini yake karatasi ni nyeupe mpaka mwisho.

Mashine haikukosea.

Nilikaa nayo. Nikienda kazini iko mfukoni, inalowa, naikausha. Sikumwambia mtu. Siku moja Langat akaniona nimeishika kwa safu akaniambia, "Wewe siku hizi hulalishi shingo. Shingo imevunjika?" Nikamwambia yote, hapo katikati ya majani, mvua inaanza. Nilifikiri atasema pole.

Langat aliendelea kuchuna. Akasema, "Hata sisi tunasema mgonjwa, mtu akiwa amekufa. Hiyo si yenu peke yenu. Lakini mtu ukimwambia hivyo, anakuja, anakuona. Anaona uso yako yote, anajua. Huyu wako hawezi kukuja akuone. Una uso moja tu ya kumpatia kwa karatasi. Na ukampatia hiyo?"

Sikusema kitu. Akatupa majani nyuma kwa kikapu yake.

"Na kule kwenu ulisema aliambiwa."

"Nilisema."

"Wewe ni mtu mbaya, Onchari," akasema, bila hasira, vile mtu anasema jani imezeeka. Halafu akasema, "Kikapu yako haijajaa, songa nikusaidie." Akanichunia mpaka kwa mzani.

Halafu barua yako ikafika. Hiyo ya shamba.

Jumamosi nikaenda Litein nikamwambia Mama Chepkoech leo nitakaa. Akafukuza watu wa fotokopi wangoje nje. Nikasema, yeye anapiga. Nilimwambia Evans mambo ya kusema mgonjwa, ya babu yake na viti za kanisa. Nilimwambia kwa nini niliweka ile. Nilimwambia mama yake alicheka kwa ile utani yake, kwamba hiyo kicheko ilikuwa ya mwisho mimi kusikia kwake, na ni yeye alimpatia. Asijilaumu na hiyo. Alicheka vizuri. Nilimwambia nilipita na gari sikusimama. Nilimwambia kaburini nilisema aliambiwa.

Mama Chepkoech alipiga yote, akapangusa pua na kitambaa ya mashine. "Mzee, leo umeongea," akasema. Hakuuliza uso. Maneno ilikuwa mingi mpaka haikuhitaji.

Evans hajajibu mpaka leo. Pengine hatajibu. Hiyo ni yake, simlaumu. Lakini wimbi haingoji.

Kwa hivyo nakuomba. Wewe ndiye umebaki na boma ya baba, watu watakaa kwako. Siku Nyariki ataita ukoo, hii barua uisome mbele yao. Yote. Usiruke ile ya viatu. Usiruke ile ya ndizi. Wasikie kutoka kwangu kwamba Evans hakuambiwa mama yake anakufa. Aliambiwa na baba yake asiwe na wasiwasi, na akatii. Mtu hanyang'anywi shamba kwa kumtii baba yake. Kama ni kunyang'anya, kuna yangu ya juu, ile ya kahawa. Mose apewe hapo. Alisimama mahali mimi niliharibu, anastahili. Lakini ile ya mto isiguswe. Mama yake ndiye alipanda ile miti ya mpaka, akisema Evans ataipata ikiwa kubwa.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa, nyapara amesema mwisho wa mwezi. Lakini nataka barua itangulie, kwa sababu najijua. Nikisimama mbele ya wazee mdomo inafunga. Nitaangalia viatu tena. Karatasi haina viatu.

Na ukisoma, usisome mbio kama mtu wa kanisa anasoma matangazo. Wewe umesikia sauti yangu tangu nikiwa mgongoni mwako. Soma na hiyo. Mahali nimeandika sikusema kitu, nyamaza kidogo. Watajua.

Usiwaonyeshe hiyo uso nimechora hapo juu kabla hujafika hapo. Ukifika, wageuze vichwa mmoja mmoja. Hata Nyariki. Waione vile mtoto aliiona.

Nisalimie wafuatao. Baba mkubwa Nyariki, mwambie sina hasira na yeye, aliuliza vizuri ni mimi nilijibu vibaya. Mose, mwambie mikono yake ilinisaidia siku hiyo. Mama mkwe, mama ya marehemu, mimi siwezi kumwambia haya mdomo kwa mdomo, ni mkwe, unajua heshima. Keti na yeye jikoni umwambie kama mwanamke, na umpatie ile leso ya bluu nilirudisha na nguo za marehemu. Jirani ambaye anakamua ng'ombe, mwambie maziwa ya jioni ni yake. Watoto wote wa boma.

Nilitaka kuandika jina langu nikashindwa ni gani. Onchari ni ile baba alinipatia, hiyo hakuna mtu ataniondolea. Hii ingine nilipewa siku Evans alizaliwa, na yeye anaweza kuniondolea. Naandika hii ingine. Ukimwandikia, mwambie niliandika hii ingine.

Ndugu yako,
Baba Evans.